Makande Ndani ya Blanketi

Msikilizaji, kama umenizidi umri, shikamoo. Kama nimekuzidi, marahaba. Na kama hivi sasa umejifunga shuka juu ya sweta, mkono mmoja umeufutika kwapani na wa pili umeshika kikombe cha chai ya tangawizi, sina haja ya kukuuliza unanisikilizia wapi. Uko Arusha, na huu ni mwezi wa saba.

Leo asubuhi nilitoka nyumbani Moshono saa kumi na mbili na nusu. Mlima Meru haukuwepo. Sisemi haukuonekana vizuri, haukuwepo. Mita 4,566 za mawe na msitu zilikuwa zimemezwa na ukungu, na yale manyunyu ya kichokozi yalikuwa yanadondoka, yasiyokulowanisha wala kukuacha mkavu. Vijana wa bodaboda wamevaa makoti mawili mawili na mizula iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Mama anayeuza chapati pale kona amejifunika kitenge mpaka puani, yamebaki macho tu yanayokuuliza, ngapi?

Vitabuni majira haya yanaitwa kipupwe. Mitaani tunasema baridi, basi. Masika yakishapita, mwezi wa sita inaingia, inatukalia hadi wa nane. Wenzetu wa Ulaya nao wana majira yao ya kujikunyata, miti inapogeuka rangi na kupukutisha majani. Watafsiri wengine huyaita vuli, na kila nikilikuta neno hilo limetumika hivyo hucheka peke yangu, maana vuli yetu ni mvua za kuanzia mwezi wa kumi, ni matope na jembe begani. Sisi majani yetu ni ya mijakaranda tu, nayo hupukutika kimyakimya barabarani, halafu mwezi wa kumi mti mzima unageuka zambarau kama hakuna kilichotokea. Lakini kwa mwili wa binadamu shughuli ni ileile, Arusha au Ulaya. Mwili unataka kitu kizito tumboni, na mikono inataka kazi ya kufanyia karibu na joto. Nami leo nataka kuzungumzia hayo mawili kwa pamoja, sufuria na sindano, kwa sababu mwaka huu nyumbani kwangu yamekutana.

Tuanze na sufuria. Mtori sitausimulia sana, wenyewe mnaujua: ndizi mshare, nyama ya mifupa, mwiko wa kupondea, na mzazi aliyetoka kujifungua ambaye kila anayeingia anamwambia "kunywa, maziwa yatoke." Wachaga watasema ni wao, Wameru watasema mshare upo na kwao. Nawaachia hiyo kesi.

Loshoro ndiyo ya kwetu hasa, Waarusha na Wameru. Mahindi yaliyokobolewa yanachemshwa mpaka yapasuke, yanaachwa yapoe, kisha yanachanganywa na maziwa mgando. Zipo nyumba zinazopondea na ndizi humo. Mgeni kutoka Tanga akiwekewa bakuli kwa mara ya kwanza hulitazama kama mtu aliyeletewa hati ya mahakama. Taratibu anaonja. Mara ya pili huwa anaomba mwenyewe. Ajabu yake ni kwamba loshoro hailiwi ya moto, na bado ni chakula cha baridi: mtu anakula bakuli moja asubuhi, anaingia shambani, na tumbo halimkumbushi kitu mpaka jua limesimama utosini.

Na maziwa ya loshoro, yale yenye heshima yake, hugandia kwenye kibuyu. Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kibuyu ni chombo cha jikoni na kazi ya mikono kwa wakati mmoja. Mama wa Kimaasai hakioshi kwa sabuni. Anachukua kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini, anakichoma hadi kiwe kinga, anakiingiza ndani ya kibuyu na kusugua kuta zake. Moto na moshi vinaua vijidudu, na maziwa yanabaki na ile harufu ambayo mtu aliyekulia nayo akiikosa anasema maziwa ya dukani "hayana kitu." Kwa nje kibuyu kimevishwa ngozi na kushonewa shanga, nyeupe, nyekundu, bluu. Kazi hiyo hufanywa nyumba ikiwa imetulia, akina mama wakiota jua ukutani. Halafu nikuchekeshe: shanga zile tunazodhani zilizaliwa Longido, kwa miaka mingi zilitengenezwa Bohemia, nchi ya Wacheki, zikasafirishwa na wafanyabiashara hadi huku kabla hajazaliwa bibi yako. Kioo cha watu wa majani ya kupukutika kikaja kuvaliwa shingoni na watu wa nyika. Mwanamke wa Kimaasai akakipangia rangi na maana zake, na leo mtalii anakinunua kama kitu cha Arusha, naye hakosei.

Haya, sasa makande.

Jumapili moja mwezi uliopita mke wangu alikuwa ameitwa kwenye shughuli ya ndugu Kikatiti. Nikabaki na watoto, nikajitutumua. Nikasema leo baba anapika makande. Mahindi niliyachukua sado moja sokoni Kilombero, maharage nusu sado. (Kwa msikilizaji wa mbali: sado ni kile kikopo cha lita nne cha rangi ya Sadolin, rangi ilipakwa ikaisha, kopo likawa kipimo cha soko zima.) Nikaosha, nikabandika kwenye gesi, mtungi wetu wa kilo sita, saa kumi jioni. Saa kumi na mbili nikaonja: mawe. Saa moja: mawe yaliyooga. Saa mbili usiku ule moto wa bluu ukafanya kama unapiga chafya, ukazimika. Mtungi umekwisha. Watoto wananitazama. Na nje, ndani ya manyunyu, anabisha hodi shangazi wa mke wangu, ambaye nami nimezoea kumwita shangazi, ameshuka kutoka Akheri na ndizi zake begani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, Baba Neema." Akafunua sufuria, akachukua punje moja, akaiweka kwenye jino, akaitoa. "Mwanangu, hapa ulikuwa unapika makande au ulikuwa unapika kokoto?"

Nikamwambia gesi ya siku hizi haina nguvu. Unajua mtu akishindwa lazima apate wa kumsingizia. Kumbe niliyepaswa kumsingizia ni mlima.

Nisikilize hapa, maana jambo hili nilikuja kulielewa baadaye na nikasikitika kwamba sikulijua mapema. Maji hayachemki kwa joto moja kila mahali. Pwani, usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 100. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi, na maji yanachemka mapema kabla hayajafika huko: kila unapopanda takriban mita 300 unapoteza nyuzi moja. Mji wa Arusha uko kwenye mita 1,400 hivi. Kwa hiyo sufuria yangu pale Moshono ilikuwa inachemka kwa mbwembwe zote, mapovu na mvuke, na ndani yake joto ni nyuzi 95. Hata ungeongeza moto mpaka jiko lilie, maji yasingepanda zaidi ya hapo; yangekauka tu haraka. Dada yako wa Tanga akikuambia maharage yake yameiva kwa saa moja na nusu hakudanganyi. Yeye ana nyuzi tano ambazo wewe huna. Na anayeishi juu zaidi mlimani ana pungufu kuliko mimi.

Ongeza na hali ya punje zenyewe. Maharage mapya, haya yanayovunwa huku mwezi wa sita na wa saba, yanaiva upesi. Yaliyokaa ghalani mwaka mzima kwenye joto na unyevu yanakuwa magumu, na hata uyapikeje yanabaki na ukaidi. Hapa kwetu tuna wataalamu wake, kituo cha utafiti cha Selian, waliotoa mbegu kama Selian 97, ile nyekundu nene. Ukifika sokoni usione haya kuuliza: haya ni ya lini?

Dawa ya zamani ya ukaidi huo ni magadi. Kijiko kimoja, maharage yanalegea. Sina ugomvi na magadi ya bibi, ila kwa mtu anayeishi chini ya Meru nina neno. Maji ya huku yana madini ya floridi kutoka kwenye miamba ya volkano. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na ipo mito na visima vya ukanda huu inayozidi hapo mara nyingi. Ndiyo ile kahawia kwenye meno ya watoto waliokulia Maji ya Chai na vijiji jirani. Ndiyo maana pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachochuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Magadi ya ukanda wetu nayo yana floridi. Na kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapaa kama mvuke, floridi inabaki, kwa hiyo sufuria inayotokota saa nne na kuongezwa maji kila mara inakuwa inakusanya. Sikuambii uache makande, nani atakubali. Nakuambia ukipata njia ya kuyaivisha bila kutokota kutwa na bila magadi, ishike.

Shangazi alikuwa nayo njia hiyo kwenye mfuko wa salfeti.

Lakini kabla sijaufungua huo mfuko, kuna jambo siwezi kulipita kwa mzaha. Usiku ule baada ya gesi kuisha, wazo langu la kwanza lilikuwa kuwasha jiko la mkaa na kuliingiza ndani. Baridi kali, dirisha limefungwa, makande yanaendelea kuiva, na chumba kinapata joto. Akili, siyo? Shangazi alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Jiko la mkaa linapowaka kwenye chumba kilichofungwa linatoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Kwenye damu inang'ang'ania mahali pa oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anasikia kichwa kizito, anasema ni uchovu, analala, haamki. Hata mkaa ukishageuka mwekundu na kuacha moshi, bado unatoa. Kila baridi ikija nchi hii tunazika watu kwa ajili hiyo, na wengi ni wenye chumba kimoja, baba, mama na watoto. Jiko liwakie nje, liishie nje. Tafadhali mwambie na mpangaji mwenzako, hasa yule kijana mgeni aliyetoka mikoa ya joto mwezi jana.

Haya, mfuko wa salfeti. Ndani mlikuwa na kapu, kapu la kawaida lenye mdomo mpana, la milulu, yale yanayosukwa Iringa. Ila hili lilikuwa limevishwa ndani: kitenge kilichoshonwa kama godoro, kimejazwa, kimezunguka kuta zote na chini. Na juu mto mnene wa duara unaoziba mdomo wake. Katikati kuna nafasi ya sufuria moja tu. Nikauliza ni la nini. "Ni jiko," akasema.

Tukaazima moto kwa jirani, dakika chache tu, sufuria ikachemka upya vizuri. Shangazi akaifunika, akaitumbukiza kwenye kapu ikiwa inaunguruma, akasokomeza mto juu, akaongeza blanketi langu la kitandani, blanketi langu mwenyewe, akaniambia: "Sasa nenda kalale, na usichungulie." Watoto walikula mkate na chai. Mimi nililala nikiwa nimejifunika shuka mbili, blanketi langu likiwa limelala na makande. Saa kumi na moja alfajiri tukafungua. Mvuke ukatoka. Msikilizaji, mahindi yalikuwa yamepasuka kama yanacheka. Maharage laini, mchuzi mzito. Hakuna aliyeyapika, yalijipika yenyewe.

Hakuna uchawi. Chakula kikishafika kwenye joto la kuchemka, moto unaoendelea kuwasha kazi yake kubwa ni kufidia joto linalokimbia kupitia kuta za sufuria. Ukilizuia lisikimbie, huhitaji kufidia. Sweta nayo ni hivyohivyo. Sweta haina moto ndani yake, inakufungia joto lako mwenyewe. Shangazi anasema mama yake alikuwa akienda kuchuma kahawa anakiviringisha chungu cha ndizi kwenye majani makavu ya mgomba na matambara, akirudi anakikuta kingali cha moto. Kulishona kapu lenyewe alijifunza baadaye, kwenye kikundi cha akina mama wenzake.

Kwa wanaodhani ni ushamba wa kijijini: wakati wa Vita Kuu ya Pili, makaa na chakula vikiwa adimu, wanawake wa Uingereza walihimizwa kuivisha chakula hivihivi, sufuria ndani ya sanduku lililojazwa majani makavu ya malisho. Na miaka hiyohiyo ya vita, nikitaja vita nakumbuka, hapa kwetu Tengeru kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi. Walianza kufika mwaka 1942, wengi wao wanawake na watoto, wamepelekwa kwanza uhamishoni Siberia, wakatokea Irani hadi huku. Walifika kama 5,000. Walikaa kwenye vibanda vya duara, wakawa na shule, kanisa, sinagogi, mashamba. Watu wa majani ya kupukutika, wameletwa mahali ambapo mgomba haubaki uchi mwaka mzima. Makaburi yao yapo mpaka leo, karibu na Ziwa Duluti, yanatunzwa vizuri. Ukipita Jumamosi ya mnada wa Tengeru na ukawa na nusu saa, yatembelee. Baridi ya mwezi wa saba iliwakuta nao, ingawa baada ya Siberia nadhani waliiona kama mzaha.

Turudi kwenye sindano. Shangazi alipotaka kuondoka na kapu lake, nikamwomba anifundishe kutengeneza langu. Tukaenda Kilombero kwenye mitumba. Nikachagua sweta tano za bei ya chini, nzito, zilizofumwa kwa ajili ya baridi ya nchi za watu. Nikadhani tutazikatakata tujaze. Shangazi akazikagua moja moja kama daktari wa jeshi. Tatu akazitupa upande wa kapu: zimeliwa, zimegandamana, hazina maisha. Mbili akazikatalia. "Hii unajaza kwenye kapu? Dhambi hii." Akatafuta mwanzo wa uzi penye pindo, akauvuta, akaanza kufumua. Mtoto wangu wa kati akapewa kazi ya kukunja donge. Jioni ile sweta ya mtu wa Ulaya ilikuwa madonge manne ya uzi wa kijani, na kesho yake asubuhi kichwa cha kwanza kilikuwa kimeshapata mzula.

Nimemwangalia mama huyu akifuma. Hatazami mikono. Anaongea, anacheka, anamkemea mtoto, anauliza habari za msiba, na sindano zinaendelea zenyewe. Kizazi chake kilifuma vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunikia redio, hii hii unayonisikilizia. Nyumba isiyo na kitambaa cha kufuma juu ya kochi ilionekana kama mtu aliyetoka bila kuchana nywele. Mabinti wa leo wanavicheka vitambaa hivyo, na kwa upande wa redio nawaelewa. Ila mkono uliozoea kitambaa ndio unaojua kugeuza sweta kuwa mzula usiku mmoja, na huo mkono ukiondoka haununuliki mnadani.

Mimi nilishona kapu. Mwanamume mzima, nimekaa barazani na sindano ya gunia, majirani wanapita wanaangalia. Mmoja akaniuliza kama nimeachishwa kazi. Kitenge nilikishona mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sufuria haikuingia. Kwa hiyo pokea makosa yangu bure: pima sufuria kwanza, kisha acha upana wa kiganja kizima pande zote na chini kwa ajili ya kujaza. Unaweza kujaza masweta yaliyokufa, mabaki ya sponji kutoka kwa mafundi makochi, sufi, au majani makavu ya mgomba kama unayo bure shambani. Yashindilie kiasi, yasiwe kama mfuko wa saruji; hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayozuia joto. Mto wa juu uwe mnene kuliko unavyofikiri, na uingie kwa nguvu. Kwenye mdomo ndiko joto linakotorokea.

Na namna ya kupika, sikiliza vizuri, hapa hakuna ujanja. Loweka mahindi na maharage usiku kucha. Maji ya kulowekea yamwage. Bandika kwa maji mapya yanayotosha, kwa sababu kapuni hayatapungua, na sufuria iwe imejaa robo tatu au zaidi. Sufuria nusu tupu inapoa haraka. Chemsha kwa nguvu dakika 40, mfuniko juu. Usizipunguze kwa tamaa ya gesi. Maharage, mekundu hasa, yana sumu yake ya asili ambayo huvunjika kwa kuchemka kwelikweli, isiyopungua dakika kumi. Yakipashwa moto nusunusu bila kuchemka yatakuumiza tumbo vibaya, na kapu peke yake halichemshi kitu. Yakishachemka, hamisha haraka, funika, acha saa tano au sita. Usichungulie. Watu wengi hushindwa hapo, hasa akina baba. Ukifungua, rudisha motoni yachemke tena kabla ya kula, na hapo ndipo unapotia kitunguu ulichokaanga, nyanya, karoti, na kama nyumba ina maziwa, tia maziwa. Sahani yangu lazima iwe na parachichi pembeni. Asiyetaka parachichi na makande sijui amelelewa wapi.

Sasa niseme la moyoni. Nchi yetu ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Ni jambo jema, na misitu ya Meru inalihitaji kuliko hata sisi. Lakini kwenye mabango ninayoyaona barabarani naona mitungi, mitungi, mitungi. Kapu sijaliona. Na ukweli wa jikoni ni kwamba familia nyingi zina mtungi na zina jiko la mkaa kwa pamoja: mtungi wa chai na mayai, mkaa wa makande. Hakuna anayethubutu kuweka makande kwenye gesi ya kilo sita, mimi nilithubutu mkaona. Kwa hiyo tunagawa mitungi huku chakula chenyewe cha baridi kikiendelea kuchoma msitu. Kapu moja la matambara linamwezesha mwenye mtungi kupika makande kwa dakika 40 badala ya saa nne. Akina mama wenye sindano wapo, kwenye kila kanisa na kila msikiti wa mji huu. Mitumba ipo. Halmashauri zinazokopesha vikundi vya wanawake zingeanza hapo ningewapigia makofi.

Wapo watakaoniambia kuna majiko ya umeme ya presha. Ni kweli, na ni mazuri mno; yanabana mvuke, joto linapanda juu ya zile nyuzi zetu 95, mlima unashindwa. Mwenye uwezo anunue. Ila umeme ukikatika katikati, na unakatika, usisahau ulikoliweka kapu.

Shangazi alirudi Akheri wiki iliyopita. Amebeba sweta nyingine mbili za kufumua na ameniachia onyo kwamba akija tena akakuta nimeingiza jiko la mkaa ndani, atamchukua mpwa wake arudi naye nyumbani. Blanketi langu nimerudishiwa. Linanuka kitunguu kidogo.

Leo ni Ijumaa, msikilizaji. Kesho Tengeru ni siku ya soko, na kapu huhitaji hata kulishona ili ujaribu: blanketi mbili na boksi la kadibodi vinatosha kwa mara ya kwanza. Kabla hujalala, loweka mahindi na maharage. Na lile jiko, kama liko ndani, litoe sasa hivi.